UPS, inveta, pawa stesheni au UPS ya ruta: ipi ikae nyuma ya TV yako?

Umeme ukikatika mechi ikiwa dakika ya 80, kila aliyepo sebuleni anakumbuka kwamba suala la betri lilikuwa lizungumzwe tangu mwaka jana. Kesho yake mtu anaanza kutafuta, anakutana na maboksi ya kila aina yenye namba kubwa kubwa: 650VA, 1200W, 100Ah, 10,000mAh. Tatizo ni kwamba kila namba hapo inapima kitu chake. Moja inapima nguvu, nyingine inapima akiba, na nyingine ni akiba iliyohesabiwa kwa volti ambazo TV yako haizitumii. Ukizilinganisha hivyo hivyo, utanunua boksi lenye namba ndefu zaidi na kubaki gizani baada ya robo saa.

Basi kabla ya kulinganisha chochote, jibu swali hili: unataka vifaa vyako vizimwe salama, au unataka kuendelea kutazama? Anayetaka kuzima salama anahitaji dakika tano. Anayetaka kumaliza filamu anahitaji saa tatu. Kifaa kinachomtosha wa kwanza kitamkera wa pili, na cha wa pili ni hasara kwa wa kwanza. Ukifuatilia malalamiko ya watu kuhusu "UPS mbovu", mengi ni ya mtu wa pili aliyenunua kifaa cha mtu wa kwanza.

Wanaolinganishwa

UPS ya kawaida ni lile boksi jeusi linalokaa chini ya meza ya kompyuta na kushika kwa betri umeme ukikatika. Ndani yake mara nyingi kuna betri moja ndogo ya asidi iliyofungwa kabisa, ya volti 12 na Ah 7 au 9 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha akiba ya betri).

Inveta na betri kubwa ni vitu viwili vinavyounganishwa kwa nyaya nene. Inveta hugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na betri, kwa kawaida kuanzia Ah 100, hukaa pembeni. Betri inaweza kuwa ya asidi au ya lithiamu.

Pawa stesheni ni boksi moja la kubeba lenye kila kitu ndani: betri ya lithiamu, inveta, chaja na soketi zake.

UPS ya ruta ni kidude kinachoshikika mkononi. Hutoa volti 9 au 12 moja kwa moja kupitia pini ya duara, bila kugeuza umeme kuwa wa ukutani.

Ipo njia ya tano, TV za volti 12 zinazochomekwa moja kwa moja kwenye betri. Ni nzuri, lakini zinakudai ununue TV upya, kwa hiyo naziacha.

Nitazipima njia hizi nne kwa mambo sita: zinadumu muda gani, zinashika umeme haraka kiasi gani, umeme wake ni safi kiasi gani, zinajaa upya kwa muda gani, betri zake zinaishi miaka mingapi, na zikae wapi ndani ya nyumba. Kwa maoni yangu la kwanza na la nne ndiyo yanayoamua ununuzi wa watu wengi, hata kama matangazo hupenda kupiga kelele kuhusu mengine.

Jua kwanza vifaa vyako vinakula kiasi gani

Nyuma ya kila kifaa kuna kibandiko chenye wati zake. Namba hiyo ni ya kiwango cha juu kabisa, matumizi ya kila siku huwa chini yake. Kwa kukadiria tu, TV ya LED ya inchi 32 hula wati 30 hadi 50, ya inchi 43 kati ya 50 na 80, na ya inchi 55 kati ya 80 na 150, kutegemea umeweka mwanga kiasi gani. King'amuzi hula wati 10 hadi 25, ruta 6 hadi 12, na spika ndefu ya chini ya TV kama 20 hadi 40 kwa sauti ya kawaida. Mlafi wa sebuleni ni mashine ya gemu: PlayStation 5 katikati ya gemu nzito huvuta karibu wati 200, wakati Nintendo Switch iliyounganishwa na TV haifiki hata 20. Projekta ya taa huvuta wati 200 hadi 300.

Chukua sebule ya mfano: TV ya inchi 43 wati 70, king'amuzi 15, ruta 10, spika 25. Jumla wati 120. Kwa saa tatu hiyo ni 120 mara 3, yaani wati-saa 360, zinazoandikwa Wh. Kugeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani hupoteza kiasi kama joto, kwa kawaida karibu asilimia 15, kwa hiyo gawanya 360 kwa 0.85. Unapata Wh 424 hivi. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo unapokwenda kununua, na muuzaji akianza habari za VA mrudishe kwenye Wh.

VA, yaani volti mara ampea, nazo zina mtego wake. UPS iliyoandikwa 650VA kwa kawaida hubeba wati 360 hadi 390 tu. Na hata hizo wati zinakwambia mzigo gani inaweza kuubeba, hazikwambii itaubeba kwa muda gani.

Jambo moja la bure kabla ya kutoa pesa: punguza mwanga wa TV. Kwenye TV ya LED sehemu kubwa ya umeme huliwa na taa zilizo nyuma ya kioo, na kushusha mwanga kidogo usiku kunakuongezea muda bila kuongeza betri. Kwenye OLED picha yenyewe ndiyo inayoamua, kwa hiyo filamu ya usiku wenye giza hula kidogo kuliko uwanja wa mpira uliojaa jua.

Zinadumu muda gani

Betri ya UPS ya kawaida, volti 12 kwa Ah 7, ni Wh 84 kwenye karatasi. Lakini namba ya betri ya asidi hupimwa kwa kuimaliza polepole, kwa saa 20. Ukiivuta kwa nguvu ili iishe ndani ya dakika, inakupa karibu nusu tu. Kwa sebule yetu ya wati 120, tarajia dakika 15, labda 20 ikiwa mpya. Wala hakuna kasoro hapo, ndivyo ilivyoundwa: uhifadhi kazi yako, uzime, basi.

Betri ya asidi ya Ah 100 ni Wh 1200. Usiishushe chini ya nusu mara kwa mara kama unataka ikae, kwa hiyo hesabu Wh 600 za kutumia. Ukitoa upotevu wa inveta, sebule yetu inapata saa nne na ushee. Betri ya lithiamu ya Ah hizo hizo inaruhusu kutumia karibu yote, na saa zinafika nane. Hapa ndipo watu wanapokosea kulinganisha bei: betri mbili zina Ah 100 kwenye kibandiko, lakini moja inakupa saa mara mbili ya mwenzake.

Pawa stesheni ya Wh 500 hutoa karibu asilimia 85 ya namba yake kupitia soketi, sawa na saa tatu na nusu za sebule yetu. Ya Wh 1000 inakupa saa saba.

UPS ya ruta haiwashi TV ya kawaida, tusidanganyane. Ila kwa kazi yake ni hodari. Iliyoandikwa 10,000mAh, sawa na Ah 10, ina seli za volti 3.7, kwa hiyo akiba yake ni Wh 37, na ikipandisha volti hadi 12 inabaki na 30 hivi. Ruta ya wati 10 itakwenda saa tatu. Ukisikia muuzaji anazidisha 10,000mAh kwa volti 12 akupe Wh 120, jua kwamba ama hajui au anajua sana.

Kuna jambo ambalo boksi haliandiki mbele. Inveta yenyewe hula umeme ikiwa imewashwa, hata bila kitu chochote kuchomekwa, na wati 10 hadi 20 ni jambo la kawaida. Pawa stesheni nayo hivyo hivyo ukiwasha soketi zake za umeme wa ukutani. Kwenye mzigo wa wati 120 huoni tofauti kubwa. Kwenye ruta peke yake ya wati 10, unalisha inveta kuliko ruta. Ndiyo maana kidude kidogo cha pini ya duara hushinda boksi kubwa pale unapotaka intaneti tu. Mwenye pawa stesheni anaweza kuichomeka ruta kwenye tundu lake la volti 12, kwa waya unaofaa, na kuiepuka hasara hiyo.

Zinashika umeme haraka kiasi gani

UPS ya kawaida hushika ndani ya milisekunde 4 hadi 10. Visambaza umeme vilivyo ndani ya TV na mashine za gemu huweza kuvumilia pengo la milisekunde 10 hadi 20 hivi bila kuzimika, kwa hiyo picha haitikisiki.

Inveta nyingi za nyumbani zina kitufe nyuma chenye hali mbili. Hali moja ni ya kompyuta, hushika haraka, karibu milisekunde 10. Nyingine ni ya vifaa vya kawaida kama taa na feni, huvumilia voltiji inayocheza lakini hushika taratibu, milisekunde 20 na zaidi. Ukiona king'amuzi kinajiwasha upya kila umeme ukikatika, ilhali TV haikuzimika, geuza kitufe hicho kabla hujamwita fundi.

Pawa stesheni hutofautiana sana. Zipo zinazoshika ndani ya milisekunde 10, zipo za 20 au 30, na zipo zisizoshika kabisa: umeme ukikatika unanyanyuka, unachomoa, unachomeka. Nyingine hazitaki kuchajiwa na kutumika kwa wakati mmoja. Hili lisome kwenye maelezo yake kabla ya kulipa, kwa sababu kwa nje zote zinafanana.

UPS ya ruta haina pengo lolote. Betri iko njiani muda wote na ruta haijui kama kuna kilichotokea. Lakini inakusaidia tu ikiwa vifaa vya mtoa huduma wako wa intaneti, huko nje, navyo vina umeme.

Kasi hii ina uzito zaidi kwa baadhi ya vifaa. King'amuzi kinachorekodi kina diski inayozunguka, na kukatiwa katikati ya kuandika ndiyo njia ya kupoteza rekodi. Mashine ya gemu iliyozimika ghafla hukagua hifadhi yake ikiwashwa tena, na mara moja moja kitu huharibika. Projekta ya taa ina kesi yake ya pekee: baada ya kuizima, feni inaendelea kuipoza taa kwa muda. Umeme ukikatika ghafla feni inasimama na joto linabaki ndani. Hata UPS ndogo inaiokoa, mradi iweze kubeba wati zake zote kwa dakika ile ya kwanza, ndipo uzime kwa utaratibu.

Umeme wake ni safi kiasi gani

Umeme wa ukutani hupanda na kushuka kwa wimbi laini. UPS na inveta za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi ngazi, linaloiga tu umbo hilo. TV ya LED na king'amuzi kwa kawaida hazijali. Amplifaya yenye transfoma nzito inajali: inavuma, inapata joto, na ule mvumo unausikia kwenye spika filamu ikinyamaza. Spika ya besi nayo ni hivyo hivyo. Baadhi ya mashine za gemu na kompyuta zenye visambaza umeme vya kisasa hukataa wimbi la ngazi na kujizima pale hasa betri inaposhika. Kama una amplifaya au mashine kubwa ya gemu, tafuta maandishi "Pure Sine Wave" kwenye boksi, na usipoyaona amini kwamba siyo.

Pawa stesheni kwa kiwango kikubwa hutoa wimbi laini, na hapo zina sifa ya kweli. UPS ya ruta haina habari ya wimbi, lakini ina habari ya volti na mwelekeo. Kwenye kibandiko cha adapta ya ruta kuna mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa, unaoonyesha katikati ya pini ni chanya au hasi. Mchoro huo ufanane na wa UPS, volti zifanane, na amp za UPS zisipungue zile za adapta. Kuchomeka volti 12 kwenye ruta ya volti 9 ni kosa la sekunde moja na hukuhitaji kulifanya.

Halafu kuna umeme mdogo, ule usiokatika lakini taa zinafifia. UPS yenye AVR, yaani kirekebisha voltiji, huipandisha voltiji bila kugusa betri, na kwa maeneo yenye umeme wa kucheza hiyo pekee ni sababu ya kuinunua. Inveta iliyo kwenye hali ya kompyuta huona voltiji imeshuka na kuhamia betri, kwa hiyo unaweza kukuta betri imeisha wakati umeme "ulikuwepo". Pawa stesheni nyingi hupitisha umeme wa ukutani kama ulivyo hadi utakapokatika. Kwa hizo weka kizuia mruko wa umeme kati ya ukuta na boksi, maana mruko wenyewe mara nyingi huja umeme unaporudi, si unapoondoka.

Zinajaa upya kwa muda gani

Swali hili husahaulika, na ndilo linalotofautisha nyumba inayokatiwa mara moja kwa wiki na ile inayokatiwa asubuhi na jioni.

Betri ya asidi ya Ah 100 iliyotumika nusu, ikichajiwa kwa amp 10, inahitaji saa tano kwa hesabu ya darasani. Kwa hali halisi ni saba au nane, kwa sababu sehemu ya mwisho huingia kwa kudondoka. Umeme ukirudi kwa saa nne tu kisha ukaondoka tena, betri haijai. Kesho hivyo hivyo. Betri ya asidi inayokaa nusu tupu siku baada ya siku hujenga chumvi ngumu kwenye sahani zake, na uwezo wake hupungua bila kurudi. Ndiyo maana jirani wawili wenye betri aina moja, mmoja anaitumia miaka na mwingine analalamika baada ya miezi: ratiba ya umeme wao ni tofauti.

Lithiamu haina ugomvi huo. Ukiichaji nusu, ukaitumia, ukaichaji tena nusu, haidhuriki. Pawa stesheni nyingi za sasa hujaa kwa saa moja au mbili kutoka ukutani, na hukubali paneli ya sola pia. Za zamani zaidi huchukua saa tano hadi nane, kwa hiyo angalia.

UPS ya kawaida, pamoja na udogo wa betri yake, huchukua saa sita hadi nane kujaa, kwa kuwa chaja yake ni dhaifu mno. Hapa niseme neno kuhusu desturi ya kufungua UPS na kuiunganishia betri ya gari ili idumu. Chaja ya amp 1 inahitaji zaidi ya saa 100 kuijaza betri tupu ya Ah 100. Transfoma ya UPS ilipimwa kwa kazi ya dakika chache, na ukiiendesha saa mbili inachemka ndani ya boksi lisilo na feni. Na betri ya gari yenyewe ina sahani nyembamba za kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiimaliza taratibu kila jioni unaiua. Ni vitu vitatu vibovu kwa mpigo mmoja, na vinakaa karibu na pazia.

Betri zinaishi muda gani

Betri ya UPS huishi miaka mitatu hadi mitano mahali penye ubaridi. Joto ndilo adui: kwa betri za asidi, kila nyuzi 8 hadi 10 juu ya 25 hukata umri kwa nusu hivi. Ukiisukuma UPS ndani ya kabati lililofungwa, nyuma ya amplifaya, umeipunguzia miaka mwenyewe. Jema lake ni kwamba betri ya ndani ni ya saizi ya kawaida na hubadilishwa.

Betri kubwa za asidi za kazi hii huvumilia mizunguko (kutumia na kuchaji tena) mia kadhaa ikiwa huzishushi chini ya nusu. Zile za kufunguliwa vifuniko zinataka maji maalumu ya betri (distilled water), na mwenye kusahau hilo hulipa. Lithiamu ya aina ya LiFePO4 hufika mizunguko 2,000 hadi 3,000 na zaidi kabla ya kushuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake. Lakini si kila pawa stesheni ina LiFePO4. Zilizo na lithiamu ya aina nyingine, hasa za zamani na nyepesi sana, huishia mizunguko 500 hadi 1,000. UPS ya ruta ina seli ndogo za lithiamu zinazokaa zimejaa muda wote. Hazina maisha marefu, na ukiona kiboksi kimevimba kiondoe ukutani siku hiyo hiyo.

Upande wa matengenezo, inveta na betri kubwa ina ubora ambao pawa stesheni haina: kikifa kimoja unabadilisha hicho kimoja. Pawa stesheni ikifa muda wa dhamana ukiwa umepita, mafundi wengi watakurudishia ilivyo.

Zikae wapi

UPS hukaa popote penye hewa, na mlio wake wa onyo kwenye aina nyingi hunyamazishwa kwa kitufe. UPS ya ruta unaibandika nyuma ya ruta na kuisahau. Pawa stesheni inawekwa kando ya TV, ila mzigo ukiongezeka au ikiwa inachaji kwa kasi feni yake huunguruma. Iweke mbali kidogo na kiti chako.

Inveta ndiyo inayodai nafasi na heshima. Betri ya asidi ya Ah 100 ina uzito wa karibu kilo 30. Ile ya kuongezwa maji hutoa haidrojeni inapochajiwa, gesi inayolipuka, kwa hiyo isikae chumbani wala kabatini. Nyaya kati yake na inveta ziwe nene na fupi, maana wati 1,000 kwa volti 12 ni zaidi ya amp 80, na fyuzi iwe karibu na betri. Kama unataka iingie kwenye nyaya za nyumba nzima, hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni na swichi ya kubadilishia. Waya wenye plagi pande zote mbili, wa kurudisha umeme kwenye soketi ya ukutani, unaweza kumuua mtu aliye juu ya nguzo akitengeneza laini.

Nani achukue nini

Ikiwa umeme kwenu hukatika mara chache na kurudi ndani ya dakika kumi, au tatizo lenu ni voltiji inayocheza, UPS ya kawaida yenye AVR inatosha. Mwenye mashine ya gemu au king'amuzi kinachorekodi, na ambaye hana haja ya kuendelea kucheza gizani, yuko hapa pia. Aongeze sharti la wimbi laini tu.

Ikiwa umepanga, unahama mara kwa mara, au hutaki mtu atoboe ukuta, pawa stesheni inakufaa zaidi kuliko hesabu ya bei kwa kila Wh inavyoonyesha. Kwa sebule ya mfano wetu ya Wh 424, ya 500 inafika saa tatu kwa shida kidogo ikizeeka. Ya 700 ina nafasi ya kupumua. Nyumba yenye umeme unaoondoka na kurudi mara kadhaa kwa siku nayo iko kundi hili, kwa ajili ya kasi ya kuchaji.

Ikiwa mnakaa kwenu, umeme unaondoka saa nyingi, na mbali na TV mnataka taa na feni, inveta na betri kubwa ndiyo njia yenye nafasi ya kukua. Umeme ukirudi kwa saa nane mfululizo kila siku, betri ya asidi inafanya kazi vizuri kwa gharama ndogo ya kuanzia. Ukirudi kwa vipande vipande, subiri uweze kununua lithiamu.

Ikiwa unatazama kila kitu kwenye simu au laputopu, ambazo zina betri zake tayari, usinunue kubwa lolote. UPS ya ruta peke yake itakupa jioni nzima.

Mchanganyiko nao ni halali. Nyumba nyingi zingeridhika na UPS ya ruta kwa intaneti, ikifanya kazi siku zote bila kuguswa, na pawa stesheni inayowashwa tu watu wakikaa kutazama. Kisichochanganyika ni UPS kuchomekwa kwenye UPS nyingine, au kichapishi cha leza kuunganishwa kwenye yoyote kati ya hizi ndogo.

Chochote utakachonunua, kijaze hadi mwisho siku ya kwanza, washa sebule yote kama unavyoitumia, kisha chomoa plagi ya ukutani na uandike ni dakika ngapi zimepita hadi kizime, au hadi nusu ya chaji ikiwa betri ni kubwa ya asidi. Fanya hivyo risiti ikiwa bado mkononi. Namba hiyo iandike kwenye kipande cha karatasi na ukibandike ubavuni mwa boksi, na baada ya mwaka rudia jaribio lile lile ujue betri imepungukiwa na kiasi gani.